Mazingira katika Mkakati wa Kupunguza Umaskini: Sura ya Peke Yake, Suala Mtambuka, au Lengo la Kila Sekta?

Kila nchi inapoandika mkakati wa kupunguza umaskini hufika mahali ambapo lazima iamue mazingira yawekwe wapi. Uamuzi huo huonekana kuwa wa mpangilio wa kurasa tu, na mara nyingi huachiwa wataalamu wachache wanaokamilisha rasimu, lakini ndio unaoamua ni ofisa gani atakayeulizwa chemchemi ikikauka, fedha za kulinda msitu zitatoka fungu gani, na kama mfugaji wa nyanda kame ataonekana katika hesabu za nchi. Makala hii inalinganisha njia tatu ambazo zimekwisha kujaribiwa Afrika Mashariki: kuyapa mazingira sura na sekta yake, kuyafanya suala mtambuka, yaani la kutajwa katika kila sura, na kuyaingiza kama malengo yanayopimwa ndani ya sekta nyingine. Imeandikwa kwa ajili ya ofisa mipango wa wizara au halmashauri, mjumbe wa kamati ya Bunge, na asasi ya kiraia inayoitwa kutoa maoni na kupewa muda mfupi wa kuamua itetee nini. Mimi naipendelea njia ya tatu, lakini si mahali pote wala si kwa masharti yoyote, na mifano ya Tanzania na Rwanda itaonyesha kwa nini.

Sekta yenye sura yake

Njia hii ndiyo iliyozoeleka. Mazingira yanapewa wizara au idara, sera, sheria, na sura moja katika mkakati wa taifa, pamoja na fungu lake la bajeti. Faida yake ni kwamba kuna mtu anayejulikana. Waziri husimama bungeni na kujibu, wakaguzi hujua waanzie wapi, na utaalamu wa kupima ubora wa maji au kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira hukaa mahali pamoja badala ya kutawanyika. Bila msingi huo, hakuna anayeweza kuzidai sekta nyingine chochote. Tanzania ilikuwa na Sera ya Taifa ya Mazingira tangu mwaka 1997, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 ikaweka muundo kuanzia Ofisi ya Makamu wa Rais na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira hadi kamati ya mazingira ya kijiji. Huo ni mtaji ambao nchi nyingi hazina.

Udhaifu wake ni kwamba sekta ya mazingira haina mamlaka juu ya mambo mengi yanayoyaharibu au kuyaponya mazingira. Barabara hujengwa na wizara nyingine, umeme na nishati ya kupikia viko kwa wengine, na pembejeo na mashamba viko kwa wengine tena. Mfano ulio wazi ni wa kusini mashariki mwa Tanzania. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea wananchi wa Lindi na Mtwara adha ya miaka mingi ya kusubiri kivuko. Lilikuwa jambo jema, na kwa kipimo chochote lilikuwa hatua ya kupunguza umaskini. Lakini njia ile ile iliyorahisisha safari ya mgonjwa na ya gunia la korosho ilirahisisha pia safari ya magogo. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuhusu uvunaji wa misitu katika wilaya za ukanda huo ilikadiria kwamba wakati uvunaji ulipopamba moto, hadi asilimia 96 ya mapato ya misitu yaliyopaswa kukusanywa yalipotea. Fedha hizo zingeweza kuendesha shule na zahanati katika wilaya ambazo zilikuwa miongoni mwa maskini kabisa nchini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwepo, na idara ya misitu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mpango ambamo barabara, mapato ya halmashauri na msitu vilipangwa kama jambo moja.

Suala mtambuka

Njia ya pili ilizaliwa kama jibu la udhaifu huo. Kwa kuwa mazingira yanagusa kila kitu, basi yaandikwe katika kila sura, pamoja na jinsia, UKIMWI na masuala mengine ya aina hiyo. Nia ni njema. Hata hivyo, kati ya njia zote tatu hii ndiyo ningemshauri msomaji aikwepe inapokuja peke yake, kwa sababu inatoa sura ya kukubaliwa pasipo kumpa mtu yeyote kazi ya kufanya.

Mkakati wa kwanza wa Tanzania wa kupunguza umaskini, uliotolewa mwaka 2000, unalionyesha hilo vizuri. Ulijengwa juu ya sekta za kipaumbele: elimu ya msingi, afya ya msingi, utafiti na ugani wa kilimo, barabara za vijijini, maji, mahakama, na mapambano dhidi ya UKIMWI. Sekta iliyokuwa katika orodha hiyo ililindwa wakati wa kugawa fedha, hasa zile zilizotokana na msamaha wa madeni. Iliyokuwa nje ya orodha iligombania kilichobaki. Mazingira hayakuwa katika orodha. Yalitajwa kama suala linalogusa maeneo mengine, na kwa hiyo yalikosa nguvu ya sekta na yakakosa pia nguvu ya lengo. Mtu aliyetaka kujua serikali imetumia kiasi gani kuzuia mmomonyoko wa udongo, au imepata nini kwa fedha hizo, asingepata jibu katika taarifa za utekelezaji.

Hapa pana jambo linalosahaulika. Ofisa wa kilimo anayesoma kwamba mazingira ni suala mtambuka hana ubaya wowote moyoni. Anapewa ukomo wa bajeti ambao hautoshi hata kwa mbolea na mafuta ya pikipiki za maofisa ugani, na anapimwa kwa tani za mahindi. Aya ya mazingira ataiandika, kwa kuwa mwongozo unaitaka, na atairudia mwaka unaofuata. Hawezi kulaumiwa kwa kutofanya kazi ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa kazi yake.

Lengo ndani ya kila sekta

Njia ya tatu ndiyo iliyojaribiwa katika Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini, yaani MKUKUTA, wa mwaka 2005/06 hadi 2009/10. Mabadiliko makubwa ya MKUKUTA hayakuwa juu ya mazingira hata kidogo. Yalikuwa juu ya jinsi mkakati wenyewe ulivyojengwa: sekta za kipaumbele ziliachwa, na badala yake yakawekwa matokeo yanayotakiwa, yaliyopangwa katika makundi matatu, nayo ni ukuaji wa uchumi na kupunguza umaskini wa kipato, ubora wa maisha na ustawi wa jamii, na utawala bora na uwajibikaji. Kuanzia hapo sekta yoyote iliyoweza kuonyesha kwamba inachangia matokeo fulani iliweza kuomba fedha kwa ajili hiyo. Mlango huo ndio walioutumia watu wa mazingira. Badala ya kuomba sura, waliomba malengo na viashiria ndani ya makundi yote, na wakayapata, kuanzia matumizi ya ardhi na maji hadi mapato ya jamii yanayotokana na misitu na wanyamapori.

Mambo matatu yaliwawezesha, na ni muhimu kwa nchi inayotaka kufuata mfano huu. La kwanza lilikuwa la kiofisi: wakati ule Idara ya Kuondoa Umaskini na Idara ya Mazingira zote zilikuwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, kwa hiyo walioshika kalamu ya mkakati na walioshika hoja ya mazingira walikuwa chini ya uongozi mmoja. La pili lilikuwa mapitio ya matumizi ya umma katika mazingira, yaliyofanyika mwaka 2004, ambayo yaliweka hoja katika lugha ambayo Hazina huielewa, yaani mapato yanayopotea na matumizi yasiyolingana na mchango wa maliasili katika uchumi. La tatu lilikuwa mashauriano ya nchi nzima yaliyotangulia mkakati, ambamo wananchi wa vijijini walizungumzia maji, ardhi na kuni kama mambo ya maisha yao ya kila siku. Zaidi ya kaya tisa katika kila kumi zilikuwa zikipikia kuni au mkaa. Hapakuhitajika mtaalamu wa kuwaeleza kwamba msitu ukienda mbali, siku ya mwanamke inakuwa ndefu.

Njia hii nayo ina kasoro zake, na asiyezitaja hamsaidii anayetaka kuchagua. MKUKUTA ulikuwa mpana mno kiasi kwamba karibu kila shughuli ya serikali iliweza kuandikwa chini ya lengo fulani. Mfumo wa kompyuta wa kugawa bajeti ulioanzishwa ili kuunganisha fedha na malengo ulitegemea wizara zenyewe kuziwekea shughuli zao alama za malengo, na ni rahisi kuweka alama ya hifadhi ya ardhi kwenye semina. Zaidi ya hayo, mafanikio yaliyotokana na ujirani wa ofisi hutoweka ofisi zinapohama. Mwaka 2006 kazi ya kuondoa umaskini ilihamishiwa katika wizara ya mipango ya wakati huo. Kisha MKUKUTA wa pili ulipokwisha, mkakati wa umaskini uliunganishwa na Mpango wa Maendeleo wa Taifa wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 2016/17, ambao uzito wake ulikuwa katika viwanda. Lengo lililofungwa kwenye andiko hufa pamoja na andiko. Lililofungwa kwenye sheria na kwenye kasma ya bajeti, yaani mstari wake maalumu wa fedha, hudumu zaidi.

Rugezi: nani alipaswa kuulizwa?

Rwanda inatoa mfano unaoonyesha kwa nini lengo la mazingira linapaswa kuwekwa kwa sekta yenye fedha. Kaskazini mwa nchi kuna ardhioevu ya Rugezi, ambayo hulilisha Ziwa Bulera, na maji ya Bulera huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka yanapoteremka kwenda Ziwa Ruhondo. Ardhioevu ilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, na miteremko inayoizunguka ikalimwa bila kinga, kina cha ziwa kilishuka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mvua chache na matengenezo hafifu ya mitambo vilichangia pia. Umeme ulipungua, serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama iliyofikia dola 65,000 kwa siku, na bei ya umeme ikapanda.

Sasa tuupitishe mfano huu katika njia zetu tatu. Katika mpango wa sura ya peke yake, Rugezi ingekuwa kwenye orodha ya maeneo oevu ya wizara ya mazingira, yenye fedha kidogo na isiyo na sauti juu ya wakulima wala juu ya umeme. Katika mpango wa suala mtambuka, sura ya nishati ingesema kwamba uzalishaji wa umeme uzingatie mazingira. Katika mpango wa malengo ndani ya sekta, kina cha maji cha Ziwa Bulera kingekuwa kiashiria cha wizara ya nishati, nayo ingekuwa na sababu ya kulipia matuta na upandaji wa nyasi kwenye miteremko kabla haijalipia dizeli. Hesabu ya Rugezi ilipowekwa mezani, pamoja na nyingine za aina yake, ilisaidia mazingira kupata nafasi katika mkakati wa Rwanda wa mwaka 2008 hadi 2012, na baadaye, mwaka 2012, nchi hiyo ikaanzisha kwa sheria mfuko wa mazingira na mabadiliko ya tabianchi, FONERWA. Uganda nayo ilikuwa na hesabu ya namna hiyo: utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba ardhioevu ya Nakivubo, iliyo pembeni mwa Kampala, ilikuwa ikisafisha majitaka kwa thamani iliyofikia dola milioni 1.75 kwa mwaka.

Lakini Rugezi ina upande wa pili, na nauona kuwa mzito kuliko ule wa umeme. Ardhioevu iliwekewa ulinzi mkali, na mwaka 2005 ikaingizwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji yalirudi. Waliokuwa wakilima ndani yake na kukata nyasi za mifugo na za kusuka walipoteza njia hizo za kujikimu, na wengi wao hawakuwa na umeme nyumbani. Kwa kipimo cha ikolojia mradi ulifaulu. Kwa kipimo cha umaskini lazima tuulize umaskini wa nani ulipungua. Kwa sababu hiyo, kiashiria cha mazingira katika mkakati wa umaskini kisikubaliwe kikiwa cha upande mmoja. Kila kinapotajwa kina cha ziwa au hekta za msitu, kitajwe pia kipato au chakula cha kundi linaloishi hapo, na kundi hilo liainishwe.

Shinyanga na kipimo cha kaya

Kwamba vipimo hivyo viwili vinaweza kwenda pamoja, Shinyanga ni ushahidi. Mkoa huo ulikuwa umepoteza sehemu kubwa ya miti yake kutokana na ufyekaji wa kupambana na mbung'o, mashamba ya pamba, kuhamishwa kwa watu wakati wa vijiji vya ujamaa, na wingi wa mifugo. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na mwanzoni ulitaka watu wapande miti. Kilichofaulu zaidi ni kurudisha ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kulifunga eneo la malisho mvua zinapoanza, nyasi na vichaka vikaachwa vikue, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokolea, sehemu baada ya sehemu, ili ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia wapate chakula wakati malisho ya wazi yamekwisha. Sheria za kijiji na sungusungu, yaani walinzi wa jadi, ndivyo vilivyolinda mipaka. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishwa, na tathmini ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ya mwaka 2005 ilikadiria kwamba mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya takribani dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50.

Takwimu hiyo moja ina nguvu mbele ya Hazina kuliko kurasa nyingi za maelezo juu ya bioanuwai, kwa sababu inapimwa mahali pale pale umaskini unapopimwa, yaani katika kaya. Hata hivyo faida hazikugawanyika sawasawa. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alivuna zaidi kuliko asiye na kitu. Mkakati unaonakili ngitili bila kuuliza nani anamiliki ngitili hiyo utaongeza miti na pengo kwa pamoja.

Ipi ichaguliwe, na wapi

Kwa nchi au mkoa usio na sheria ya mazingira inayofanya kazi, usio na takwimu za msingi na usio na wataalamu, sura ya peke yake ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa haiwezekani kuidai wizara ya ujenzi ifikie kiashiria ambacho hakuna awezaye kukipima. Kwa nchi iliyokwisha kuwa na sheria kama ya Tanzania ya mwaka 2004, ambayo inazitaka wizara za kisekta ziwe na vitengo vya mazingira na halmashauri ziwe na maofisa wa mazingira, kubaki na sura ya peke yake ni kuiacha sheria hiyo ilale. Hapo njia ya tatu ndiyo sahihi, huku kitengo cha mazingira kikibaki kidogo lakini chenye haki ya kuona makadirio ya wizara nyingine kabla hayajapitishwa. Mfuko maalumu unafaa kama nyongeza kwa kazi zisizo na mwenyewe, lakini usichukue nafasi ya bajeti za sekta, maana wizara ya nishati ikijua kwamba mfuko upo haitaona sababu ya kulipia bonde linaloilisha.

Katika halmashauri uchaguzi ni mgumu zaidi, kwa sababu ushuru wa mazao ya misitu na mkaa ni sehemu ya mapato yao ya ndani. Halmashauri inayosifiwa kwa kuongeza makusanyo inaweza kuwa inasifiwa kwa kumaliza msitu wake. Suluhisho ninaloliona la kweli liko katika misitu ya hifadhi ya vijiji, ambako kijiji hubaki na mapato ya mazao ya msitu wake na hivyo huwa na sababu ya kuulinda. Lengo la mpango wa halmashauri liwe idadi ya vijiji vyenye haki hiyo na kiasi kilichoingia katika akaunti zao.

Tofauti kati ya lengo bora na lengo dhaifu huonekana katika maneno. Lengo lililoandikwa "kuhifadhi vyanzo vya maji" halimfungi mtu. Lengo linalosema kwamba kufikia Juni ya mwaka uliotajwa chemchemi zinazohudumia kata fulani zitatoa maji mwezi Oktoba, kwamba idara ya maji ndiyo itakayotoa taarifa, kwamba fedha ziko kwenye kasma iliyotajwa kwa namba, na kwamba waliozuiwa kulima kandokando wamepewa eneo mbadala, linaweza kukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kama linavyokaguliwa daraja.

Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutolewa miezi mingi kabla ya Julai, mwaka wa fedha unapoanza, na humo ndimo viashiria huingia au huachwa. Asasi inayosubiri sura ya mazingira itolewe ndipo iisome huwa imechelewa. Ombi lake la kwanza liwe kuonyeshwa majedwali ya viashiria vya kilimo, nishati, maji na ujenzi, na la pili liwe jina la cheo cha atakayejibu kwa kila kimoja.